Waume wa Bibi Perrine

Sainte-Ombeline, 9 Januari 1938

Mwanangu mpenzi Azélie,

Salamu zangu zikufikie, baridi isikufikie. Mimi mzima, goti tu linatabiri theluji kuliko redio. Kifua chako je? Ile fulana ya sufi niliyokufumia unaivaa, au wasichana wa Quebec wameshakucheka?

Leo baada ya Misa nimemwambia mke wa daktari kwamba binti yangu anapiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama. Akasema wa kwake anapiga piano. Nikamwambia, "Piano nzuri, mama, kwa mtu asiye na kazi." Akaongeza mwendo mpaka getini.

Sasa keti kwanza. Bwana Hormisdas Pouliot, yule mjane mtengeneza jibini, ameniposa. Alikuja na kofia mkononi, nywele kazilaza kwa maji, akasema, "Bi Exilda, nyumba yangu ina kimya, na wewe kimya hukijui." Ni posa hiyo, au tusi? Nimecheka hadi machozi. Baba yako ametangulia miaka minne sasa, na wewe unajua nilivyomlilia. Lakini moyo wangu, mwanangu, umesema ndiyo.

Tatizo kaka yako Philias. Tangu aingie baraza la parokia anatembea kama askofu. Kaniambia, "Mama, mjane wa Gaumond haolewi. Bibi Perrine, mama wa ukoo wetu, alitoka Ufaransa enzi za wafalme akaolewa na Mathurin Gaumond, akafiwa angali kijana, akavaa nyeusi hadi kaburini. Ukoo mzima unajua." Nimjibu nini? Hadithi hiyo nimewalea nayo mimi mwenyewe, tena kwa maringo.

Basi nenda pale wanapotunza vitabu vya zamani, uniangalizie Bibi Perrine aliishije baada ya Mathurin. Kama alikaa mjane, nami nitakaa. Kuolewa huku mwanangu wa kwanza kanipa mgongo, siwezi. Bwana Pouliot nimemwahidi jibu Pasaka.

Akupendaye kuliko wote,
Mama yako


Quebec, 6 Februari 1938

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Kifua kimetulia, fulana naivaa, na wasichana wanataka uwafumie na wao.

Hormisdas Pouliot! Nimecheka peke yangu kwenye tramu, watu wakasogea mbali nami. Mimi nimekubali hata kabla hujauliza.

Lakini habari nilizonazo si tamu. Jumamosi zote nimekaa na vitabu vya kanisa vya Sainte-Ombeline. Ndoa ya Perrine na Mathurin nimeiona. Mazishi ya Mathurin nimeyaona, alizama mtoni mwezi wa Oktoba na mashua iliyobeba nyasi. Baada ya hapo nimepekua kila ukurasa wa ndoa. Perrine hayumo. Naogopa Philias amesema kweli.

Usimjibu Bwana Pouliot haraka, Mama.

Mwanao akupendaye,
Azélie


Sainte-Ombeline, 13 Februari 1938

Mwanangu,

Salamu. Sote wazima.

Nimemjibu kwamba haiwezekani. Alisimama hapo mlangoni akasema, "Basi, Bi Exilda, jibini nitaendelea kukuletea, hilo halihitaji padri." Akaenda.

Philias kafurahi. Kaniletea mshumaa niuwashe mbele ya picha ya baba yenu. Nimeuwasha. Supu ya njegere leo imeungua. Unakumbuka lini supu yangu iliungua?

Mama


Quebec, 20 Machi 1938

Mama mpendwa,

Shikamoo mara mia, usife moyo, soma hadi mwisho.

Barua yako ilininyima usingizi nikarudi tena kwenye kile kitabu. Safari hii sikusoma majina, nilisoma tarehe. Mama, baada ya mazishi ya Mathurin ndoa zinaruka miaka kumi na moja! Kurasa ziliungua pamoja na nyumba ya padri, zikashonwa zilizobaki. Nami kwa ujinga nikakuandikia kwamba hayumo.

Kosa langu ni la mtoto uliyemlea wewe: ndoa ni kanisani, basi nikatafuta kanisani tu. Kumbe wale walowezi wa kwanza walianzia kwa wakili wa mikataba. Wakili alikuja jikoni, ndugu na majirani wakajaa, mkataba wa ndoa ukasomwa, kila mtu akatia sahihi au msalaba, na padri akafuata wiki kadhaa baadaye. Mikataba ilikuwa kwenye nyumba ya wakili. Haikuungua!

Sasa shika kiti. Mathurin alizama Oktoba. Januari, Bibi yetu Perrine kaweka mkataba na fundi viatu, Étienne Harnois. Hata theluji haikuyeyuka! Tena, kabla ya Mathurin alishawekeana mkataba na mwanamume mwingine, wakaubatilisha kwa hiari. Alimchoka, nadhani.

Mwambie Bwana Pouliot.

Mwanao,
Azélie


Sainte-Ombeline, 27 Machi 1938

Azélie wangu, fahari yangu,

Salamu kwa mikono yote miwili! Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani, Philias akiwa na mkate mdomoni. Nilipofika penye theluji nikasoma mara mbili.

Unajua kasema nini? "Mkataba si ndoa, Mama. Azélie mwenyewe kaandika kwamba mmoja ulibatilishwa. Nani ajuaye kama huu wa fundi viatu haukubatilishwa pia?"

Nikamwambia, "Philias, umezaliwa saa ngapi mpaka ukawa mzee hivi?"

Kabamiza mlango. Lakini mwanangu, nimelala nikiwaza, na hoja ni hoja. Kichwa hicho kakirithi kwangu. Rudi tena pale. Bwana Pouliot sijamwambia kitu, namtazama tu akishusha jibini.

Mama yako, mwenye matumaini


Quebec, 10 Aprili 1938

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimempata.

Upo mkataba wa tatu. Perrine ana miaka sitini na moja (wewe una hamsini na sita, bado msichana), na anaolewa na seremala. Wakili ameandika wazi: "mjane wa marehemu Étienne Harnois, mumewe wa pili." Mjane wa mtu ambaye hakuolewa naye? Mwulize Philias. Na chini, walioshuhudia na kutia msalaba ni wanawe wanne wa Mathurin. Wa kwanza kabisa ni mkubwa wao.

Nakuja kwenye harusi. Vaa rangi ya buluu.

Mwanao,
Azélie


Sainte-Ombeline, 15 Juni 1938

Mwanangu Azélie,

Natumaini meli ilikufikisha salama, na pai ya nyama niliyokufungia hukuwagawia mabaharia. Mimi sijambo, na mume wangu anakusalimu. Mume wangu! Mke wa daktari nimemtamkia neno hilo asubuhi hii mara tano.

Jana uliniona kanisani jinsi nilivyokuwa nikitazama mlango. Usinifiche, uliniona. Kiti cha Philias kilikaa kitupu, nami nikajifanya nafuta kofia vumbi. Nilipomsomea barua yako ya mwisho, alichukua kofia yake akaenda, na Jumapili zote hizo alinisalimu kama karani wa posta. Nilisema siwezi kuolewa huku kanipa mgongo; Bibi Perrine kanifundisha kwamba naweza.

Basi meli yako ikaondoka. Tumekaa tunakula, jua linazama, mara nje, ghasia! Masufuria, vifuniko, kengele za ng'ombe, pembe! Wametujia kama walivyowajia wajane wote wanaorudi ndoani, tangu enzi na enzi: kelele mpaka mfungue na kuwalisha. Hormisdas akainuka. Nikamwambia, "Ngoja. Sikiliza hilo sufuria moja kubwa."

Lilikuwa linapigwa vibaya, bila mpigo, kama mtu anayepasua kuni. Hakuna mwingine parokia nzima anayepiga hivyo. Huyo hata kwaya walimtoa.

Nikafungua mlango. Philias yuko mbele, jasho linamtiririka, ameshika sufuria langu la kupikia jamu, ambalo aliliazima tangu mwaka juzi. Wenzake wakashusha masufuria.

Hormisdas akasema kutoka nyuma yangu, "Ingia, Philias. Mikono itakuwa imechoka."

"Haijachoka," akasema. "Mlango wenu ndio mzito kufunguka."

"Mama yako alinizuia."

"Atakuzuia mengi, mzee. Zoea."

Akaingia, akala sahani tatu. Akamwomba Hormisdas amuonyeshe pahali kwenye mkataba wetu wa ndoa ambapo bado pana nafasi ya jina, maana wakili alituachia nakala yetu. Akaliandika kubwa, limepita mstari, wino ukalichafua jina la padri.

Sufuria limebonyea upande mzima. Hormisdas kasema atalinyoosha kwa nyundo. Nimemwambia akiligusa, atarudi kwenye kimya chake.

Mama yako yuleyule,
Exilda