Kansas Katika Mkataba Wetu

Jumatatu, 5 Machi 2018

Nimeusoma mkataba wote tena. Wote! Mpaka kule nyuma wanakoweka tafsiri za maneno, mahali ambapo hakuna binadamu aendaye kwa hiari yake. Na huko nimekuta Kansas.

Kansas! Sisi tunaiuza benki ya Prosek, jimbo la Nebraska, kwa benki kubwa ya Omaha, jimbo hilohilo. (Mzee Delmar, mwenyekiti wetu, hapendi neno kuuza. Tuseme tunaungana.) Lakini mkataba unasema "Sheria ya Benki ya Jimbo" maana yake ni sheria ya Kansas. Najua ilivyotokea. Sisi mawakili hatuandiki mkataba mpya. Tunachukua ule wa mwisho, tunafuta majina, tunapachika mengine. Benki ya mwisho waliyoimeza hao wa Omaha ilikuwa Kansas. Wakafuta kila mahali, wakasahau mahali pamoja. Na pande zote zimeshatia sahihi tangu Januari.

Ningecheka kama si kifungu cha tawi. Nilikipigania mpaka sauti ikakauka: tawi la Prosek halifungwi kwa miaka mitano, na wafanyakazi wote wanabaki, "kwa mujibu wa Sheria ya Benki ya Jimbo." Sasa ahadi ya Prosek imefungwa kwenye kigingi cha jirani. Siku wakichoka na sisi, wakili yeyote mwenye nusu akili ataifungua.

Niwaambie Omaha warekebishe? Mkataba ukishafunguliwa kwa neno moja, umefunguliwa kwa yote. Na kile kifungu hawakukipenda tangu mwanzo.

Jumanne, 6 Machi

Nimemwambia Mzee Delmar. Alikuwa anakula kolachi, ule mkate mtamu wa Kicheki wenye aprikoti, sukari imemwangukia mpaka kwenye tai. Hakushtuka hata kidogo.

"Mwanangu Lorna, aliyelala usimwamshe. Ukimwamsha utalala wewe."

"Mzee, ni jimbo zima limekosewa!"

"Wenye hisa wanapiga kura Jumanne ijayo. Nani atasoma kule nyuma?"

"Mimi nimesoma."

"Wewe una ugonjwa wako."

Basi. Nikatoka. Bernadine wa kaunta akanidaka mlangoni, swali lake lilelile la kila siku: apake rangi jikoni kwake, au asubiri ajue kama atakuwa na kazi? Nikamwambia asubiri kidogo. Uso wake! Nimejisikia mchawi.

Jumatano, 7 Machi

Theluji imerudi. Sijapiga simu Omaha. Nimeshika simu, nimeiweka, nimepanga makabati ya faili ambayo hayakuhitaji kupangwa. Mwoga wee!

Alhamisi, 8 Machi

Nimepiga! Ee Mungu, nimepiga.

Constance Aldecott ndiye wakili wao. Mwanamke mkavu, hata salamu anaipima. Nikamwambia moja kwa moja: ukurasa wa tafsiri, Sheria ya Benki ya Jimbo, tazama jimbo gani. Nikajua nimekwisha. Halafu nikasikia — kicheko! Mtu anacheka mpaka anakohoa.

"Bibi we, kumbe na wewe umeiona!"

Wao waliiona wiki tatu zilizopita. Tatu! Wakaogopa kusema, eti wakitufungulia mlango, mimi nitaingia kudai bei mpya. "Tulikuwa tunakunyamazia wewe," anasema. Nikamwambia na sisi tulikuwa tunawanyamazia ninyi. Watu wazima, vyeti ukutani, tumekaa kila mtu na siri ileile kama watoto waliovunja chungu kimoja.

Nikauliza, moyo mkononi: na kifungu cha tawi je?

"Nani akiguse? Nimechoka kukusikia. Nawaandikia ukurasa mmoja wa marekebisho: Kansas iondoke, Nebraska iingie, na baada ya hapo naongeza 'kama itakavyorekebishwa' ili sheria ikibadilika tusirudi tena hapa. Hamna kingine. Wakati mwingine piga simu mapema, mwenzangu."

Nimeweka simu nikakaa sakafuni. Kweli, sakafuni, na sketi ya kazini. Nikacheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Ahadi imerudi nyumbani kwake. Nikashuka kaunta nikamwambia Bernadine apake rangi anayotaka. Alipiga yowe, wateja wakadhani benki imevamiwa.

Nimekula chakula cha jioni sahani mbili. Mwili mzima umelegea.

Ijumaa, 9 Machi

Ukurasa umefika. Omaha wameshatia sahihi. Nebraska, herufi kwa herufi, na hakuna koma nyingine iliyoguswa. Imebaki sahihi ya Mzee Delmar tu. Kosa limeshajulikana; bila yake hakuna kura Jumanne.

Nilimkuta ofisini na samaki wake wa Kwaresima kutoka parokiani. Akasoma. Akavua miwani.

"Bila karatasi hii, mkataba unasimama?"

"Unasimama, Mzee. Kwa mguu mmoja."

"Mtu angeweza kuuangusha? Baadaye, akitaka?"

"Angejaribu. Mtu kama nani?"

Akatazama ukutani, picha ya babu yake mbele ya mlango huuhuu, mwaka walioifungua benki. Ndipo nikaelewa, mjinga mimi. Juzi nilidhani anaulinda muungano. Kumbe aliiona Kansas kabla yangu. Alikuwa anaihifadhi, kama mtu anayeacha dirisha la nyuma bila komeo, apate pa kutokea.

"Niachie kidogo," akasema. "Nimalize samaki."

Ningepaswa kumgombeza. Omaha wanangoja mpaka saa kumi na moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hawezi tena: hana wa kumrithi, macho yamechoka, mitambo mipya hatuiwezi. Yote kweli. Na ahadi niliyoihangaikia wiki nzima iko kwenye karatasi ile ile.

Nikamwambia, "Kula taratibu, Mzee."

Niko ukumbini, naandikia gotini. Na niseme ukweli, hakuna anayesoma hapa: nimepata nafuu kuliko jana. Kifua kimefunguka. Sikujua kama na mimi sitaki tuuze.

Namwona kupitia kioo. Samaki hajaguswa. Kalamu anayo mkononi, kifuniko hajakitoa. Saa kumi na nusu. Simu yangu inalia — Constance.