Jina Ambalo Sikumpa Mtoto

Tulchin, Podolia
23 Novemba 1908

Mpendwa wifi Frume,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye matope. Hamjambo? Kifua cha mumeo kimetulia na joto la Buenos Aires? Sisi tu wazima, ila baba mkwe magoti yanamsumbua, na mimi silali vizuri tangu nijifungue. Ndiyo, nimejifungua mtoto wa kiume. Pua ni ya kwenu, msije mkaikana.

Sasa nikueleze habari za mdogo wako, maana najua umechoka kuuliza. Getzl alituaga baada ya Pasaka. Mwalimu wake, mzee Lipe, aliwafundisha kwamba Uwepo wa Mungu nao uko uhamishoni, unatangatanga kama mama aliyefukuzwa nyumbani kwake, na anayeutafuta sharti naye atangetange, avae matambara, alale kwenye sinagogi lolote, asimtajie mtu jina lake. Tena Getzl akanieleza kwamba hapo mwanzo Mungu alijibana ili dunia ipate nafasi. Nikamwambia, "Getzl, humu ndani nafasi ipo. Wewe huna haja ya kujibana." Akacheka, akachukua fimbo yake. Mimba mimi mwenyewe nilikuwa sijaijua, seuze yeye.

Mwezi wa Septemba mwenye mkokoteni mmoja alileta habari kwamba mtu wa kutangatanga alizama katika mto Dniester, akazikwa bila kujulikana ni nani. Alikuwa na koti la kahawia kama la Getzl. Wifi, nusu ya wanaume wa Podolia wana koti la kahawia. Lakini baba mkwe alirarua vazi lake siku ileile, akakaa sakafuni kuomboleza. Rabi alikataa kuniita mjane, akakataa pia kuniambia nina mume. Nikilia naona namzika, nikingoja naona najidanganya. Kichwa changu kimevurugika kabisa.

Nilikwenda kwa mzee Lipe. Akasema kilichopotea hakijaondoka, kimejificha ili kitafutwe. Nikamuuliza, "Atafute nani? Mimi mwenye tumbo hili?" Akanitazama kwa huruma, akanipa tufaha. Mpaka leo sijui kama lile tufaha lilikuwa jibu, au aliona tu nina njaa.

Mtoto alipozaliwa, baba mkwe alitaka aitwe Getzl. Unajua kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, la aliye hai haliguswi. "Mpe jina la mwanangu, Hinde," aliniomba, "nisikie mtu akiitwa Getzl humu ndani kabla sijafa." Nilimhurumia mno, nikakaribia kukubali. Lakini kulitoa jina hilo ni kumzika mume wangu mbele ya mji mzima.

Asubuhi ya tohara jirani yetu Pesye alikuja kumchukua mtoto ampeleke kwa wanaume. Aliniuliza jina la kupeleka. Jina la Getzl halikunitoka. Nikasema Anshel, jina la marehemu baba yangu.

Pesye anasema jina lilipotangazwa, baba mkwe, aliyekuwa amempakata mtoto, alimtazama usoni. Kisha akasema, "Kumbe yu hai. Basi arudi, mpumbavu yule, nimchape mbele ya mkewe." Akaomba vodka. Amekula vizuri tangu siku hiyo, na matusi anayomtukana Getzl siwezi kuyaandika hapa.

Mimi ndiye niliyebaki njia panda. Wote sasa wananiona kama najua jambo, na sijui lolote. Nilishindwa tu kulitamka.

Baba mkwe anakusalimu. Pesye anakusalimu, anauliza kama kweli huko nyama ni rahisi. Mbusu Tsirl na wadogo zake. Mungu awalinde mnapotoka na mnapoingia.

Watu wa huku wanapanda meli kila mwezi kuja huko. Getzl akitokea mlangoni kwako, usimuulize alichokipata njiani. Mpe chakula kwanza, halafu mwambie jina lake hatujampa mtu.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Hinde