Kuku Waliokataa Banda

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi huku Iguguno hatujambo. Babu yako mguu umepona, ameshaanza kuvuna alizeti.

Unasema kuku wako wadogo wanalala mtini, na ukiwafukuza waingie bandani wanatawanyika. Hata mimi nilipoolewa hapa niliwakimbiza kwa fimbo kila jioni, mpaka kicheche akala wawili. Nilimwogopa sana mama mkwe wangu, nikajua nitasemwa.

Akaichukua ile fimbo, akaitupa. "Mwanangu, wewe ungeingia nyumba ambayo mlangoni pake unachapwa?"

Tukawafungia bandani siku tano, wakila na kunywa humo humo. Siku ya sita tukawafungulia, na jua lilipoanza kuzama akaniambia niwaite huku nikimwaga mtama ndani. Wakaingia wote, mmoja mmoja. Nikacheka kwa sauti, naye akacheka. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilikula mbele yake nikashiba.

Wape siku zao, mama, usiwaharakishe.

Bibi yako akupendaye.