Kiraka cha Kisutu

Jumanne, Bagamoyo

Eti mimi ni "familia". Nimeliandikia duka lile la Dar, chini ya tangazo lao, kwamba koti wanalouza mtandaoni wameliiga langu, nililishona kwa kanga ya kisutu aliyoolewa nayo marehemu mama, na picha yake waliniomba wenyewe. Wakajibu, "Asante mpenzi, wewe ni familia," na kopa jekundu. Kisha wakayafuta maneno yangu.

Shangazi hata hakunihurumia. "Nani alikutuma ukate kisutu cha mama yako?"

Pengine kweli nilikosea. Lakini nikilivaa koti lile ndipo najiona mimi.

Kinachonichoma ni pale begani. Wameiga hadi kiraka. Nilikiweka kuziba tundu lililochomwa na kaa la moto lililomwangukia mama akijifukiza udi. Wao wameandika, "Pambo letu la kipekee."