Alama ya Vema kwa Macho Mekundu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla damu haijamwagika, mimi ni mwalimu wa kujitolea katika sekondari moja ya kata, Shinyanga vijijini, nafundisha biolojia kidato cha kwanza, na tarehe 4 mwezi huu niliwapa wanafunzi zoezi la kuandika upande mmoja walichokiona na upande wa pili wanachohitimisha, kisha nikaugua malaria, Mwalimu Donatus akanisaidia kusahihisha, na kumbe mwanafunzi aitwaye Ndaki alikuwa ameandika, "Nimeona: Bibi Mbuke ana macho mekundu. Nahitimisha: ni mchawi," naye Donatus akampa vema, akaisoma kwa sauti darasa zima likacheka, mjukuu wa bibi huyo, Suzana, akiwa ameketi humo humo.

Sasa Suzana haji shule, watoto wanamrushia bibi mawe akienda kisimani, na vijana wa kilabuni wanasema hatafika mavuno. Mimi nimefika kwake. Kuni hakuna, anapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe, jiko halina dirisha, nilitoka mle machozi yananitiririka. Nilipomweleza Donatus alinijibu mbele ya walimu wote, "Dada Salvina, mbona unamtetea hivyo, amekulisha nini?" wakaangua kicheko, nami nikainamia madaftari yangu, maana yeye ni mwalimu wa taaluma na ndiye atakayenidhamini nikiomba ajira. Nina hasira naye. Nifanyeje?

Salvina

Salvina, hasira yako ni ya haki, lakini umeileta gazetini wakati bibi yuko peke yake. Donatus ameupa uvumi muhuri wa shule, na hilo ni la aibu. Na wewe je? Umeona mawe, umesikia vitisho, ukahitimisha kwamba muda upo?

Funga gazeti. Nenda polisi, kisha kwa mtendaji wa kata, uwataje kwa majina waliotamka hayo. Mkuu wa shule mpe taarifa kwa maandishi. Darasani, kata vema ile na urudishe zoezi ubaoni. Waulize ni nini kingine hufanya macho kuwa mekundu; wataje moshi, vumbi, ugonjwa, kilio, na kwa kila jibu waseme wangelichunguzaje. Anayeleta sababu moja tu hajaanza kufikiri. Donatus akinuna, mwache anune. Mwalimu anayelipia ajira kwa shingo ya bibi kizee hatufai.

Na jioni, watu wakiwa wengi kisimani, mwamkie Bibi Mbuke shikamoo kwa sauti, umpokee ndoo, mtembee naye mpaka kwake.