Nyota Nilizowaonyesha Watu wa Kanisa

Katembo, nimekwisha. Darubini yako iko salama, mimi ndiye nimeharibika.

Si nilijigamba kwamba nitawaonyesha watu wa kanisa lile kundi la nyota la kusini, linalokaa chini kabisa juu ya ziwa? Leo baada ya ibada ya jioni nikawapeleka wote ufukweni Luzira. Nikaona ukungu wa mwanga mbali, pale maji yanapokutana na mbingu. Nikaelekeza darubini. Banange, nyota makumi, zinameremeta!

Nikawaambia, "Nuru hii imesafiri miaka elfu kumi na tano." MIAKA ELFU KUMI NA TANO, Katembo. Kwa sauti yangu ile ya darasani.

Wakapanga foleni. Nyota hazikusogea hata kidogo kwenye lenzi, na mimi mjinga nikasifu miguu ya darubini. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba nyota husogea! Pasta akamshukuru Mungu kwa ajili ya nuru hiyo. Tukasema amina.

Wa mwisho alikuwa Mama Kavira, yule anayeuza samaki. Akachungulia muda mrefu. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, miaka elfu ngapi?"

Nikarudia! Nikarudia, Katembo!

"Hizo ni taa za wavuvi wa mukene, wale dagaa wa ziwani," akasema. "Mume wangu yuko hapo. Wameondoka Port Bell saa kumi na mbili, na betri ya taa yake nimeichaji mimi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Pasta akaangalia viatu vyake, akasema, "Basi tumwombee baba huyo arudi salama."

Tukasema amina tena.