Baba, Wamekupa Nyumba

Baba yangu mpendwa,

Wamekupa nyumba. Ndiyo, wewe! Ghorofa ya saba, vyumba viwili, choo ndani. Wewe tuliyekuzika Kakamega, na kaburi likaota nyasi zamani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kazini reli, ukivua buti mlangoni na kumwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba yetu hapa Mbotela? Ukisikia maafisa wa kanjo, wale wa baraza la jiji lenye nyumba hizi, wanapita, ulitunyamazisha. "Msiwape sababu ya kutufukuza," ulituambia. Ulipofariki, Mama alishika neno hilo. Nyumba ilibaki kwa jina lako, kama zilivyo nusu ya nyumba za hapa, maana ukienda kutaja kifo ofisini unaweza kurudi ukute mtu mwingine anaanika nguo zake. Baada ya Mama kukufuata kaburini, nami niliendelea kulipa kodi kwa jina lako.

Sasa wanabomoa mtaa wajenge nyumba nafuu, na wapangaji wa zamani wanapewa kwanza. Nilikwenda ofisi ya mradi nikiwa na furaha ya kijinga. Kijana wa pale akatazama kompyuta. "Sistee, hii keja, hii nyumba, ni ya mzae. Mwambie akuje na ID yake."

"Mzee alifariki."

"Aah. Hapa anaonyesha yuko tu. Ukileta cheti cha kifo namtoa, lakini keja inaenda kwa mwingine. Wewe u-apply kivyako."

Kivyangu! Mimi karani wa duka la vipuri, ambaye mshahara wake, wanasema, si mdogo wa kusaidiwa wala mkubwa wa kukopeshwa na benki. Lakini makato ya mshahara ya kujengea hizo nyumba nafuu, kila mwisho wa mwezi hayakosei njia ya kuja kwangu. Nimechoka, baba. Nimechoka mpaka nacheka peke yangu jikoni.

Jirani yetu Mama Atieno alinitafutia mzee wa rika lako, mwembamba, mwenye mvi. "Mpe tu ile ID ya baba yako. Nani atajua?" Tulifika naye hadi mlangoni. Kijana akauliza, "Huyu ndiye mzae?" Nikafungua mdomo. Nilishindwa kumwita mtu mwingine baba.

Nikatoa cheti chako. Kijana akabonyeza, akasema, "Pole, sistee," akaita anayefuata. Jumamosi nahamia Tassia, chumba kimoja cha kupanga. Nisamehe, baba. Leo ndiyo nimekuzika.

Binti yako, kifungua mimba.